Mita Ishirini na Sita

Gari jeupe lilipoiacha barabara ya vumbi na kuingia njia ya ng'ombe, Milembe ndiye aliyelitambua kwanza. Alisimama katikati ya pamba, akaweka kiganja juu ya macho, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Feli, mwizi wako amekuja."

Felisita hakuinua kichwa. Aliendelea kuchuma, vidole vikiingia na kutoka kwenye maganda makavu yaliyokuwa yakimchana ngozi tangu wiki iliyopita. Walikuwa watatu tu katika eka tano: yeye, mama yake Milembe, na baba yake, Mzee Mboje. Pamba ilikuwa imepasuka yote kwa mpigo, na ile ya chini ilianza kudondoka na kushika udongo. Miaka mingine, mwezi wa sita, shamba hili lilijaa watu. Majirani walichumiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na nyimbo zao zilisikika hadi barabarani. Mwaka huu hakuja hata mmoja.

Na aliyesababisha wasije ndiye aliyekuwa akishuka kwenye gari, akipangusa vumbi kwenye viatu.

"Mwadila, Baba Mboje," alisalimia Novatus Maganga akiwa bado mbali.

"Mwadila," alijibu Mboje, akaendelea na kazi. Salamu aliipokea, lakini neno la karibu hakulitoa.

"Umepotea?" Milembe alimuuliza. "Kama unatafuta kaburi la shangazi yako, liko upande ule. Hapa bado tuko hai, ingawa ulijitahidi."

Novatus alijikohoza. Alikuwa mtoto wa kijiji hikihiki, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Bariadi mjini. Miaka thelathini iliyopita aliondoka kwenda kusoma, akafika mpaka ng'ambo, akarudi na kuwa mtaalamu mkuu wa kampuni moja ya Dar es Salaam inayotoa ushauri wa mambo ya gesi. Felisita alipomaliza shahada yake ya jiolojia, ni yeye aliyempa kazi. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini Felisita alimwita mjomba, na alilitamka neno hilo kwa moyo wake wote.

Kazi yenyewe alikuwa ameipenda mno. Baharini, kusini mwa nchi, kulikuwa na jukwaa la chuma lililoitwa Nguru, lililokuwa likitoa gesi kwa miaka mingi. Visima vyake vilianza kuchoka, kwa hiyo mitambo na mabomba yake yalikuwa na nafasi. Karibu na Nguru kulikuwa na hifadhi tatu ndogo za gesi, Changu, Tasi na Kibua. Wazungu walizichimba miaka ya themanini, wakaikuta gesi, wakasema ni kidogo, wakafunga visima na kuondoka. Hakuna hata moja ambayo ingeweza kubeba gharama ya jukwaa lake yenyewe. Swali likawa hili: je, zikiunganishwa na Nguru kwa bomba linalopita chini ya bahari, zitakuwa na maana? Na kila moja ina gesi kiasi gani?

"Baba, ni kama pamba," alimweleza Mboje kwa simu siku zile. "Huwezi kujenga kiwanda cha kuchambua pamba kwa kila shamba. Lakini kama kiwanda kiko jirani na mashine zake zina nafasi, hata shamba la eka mbili lina faida."

"Nimekuelewa," Mboje alijibu. "Ila samaki wote hao mnawataja kutwa, na hamjala hata mmoja?"

Felisita aliitathmini Tasi kwa miezi mitano. Kisha, alipokuwa akipekua boksi la karatasi kuukuu katika chumba cha kumbukumbu, aligundua kosa lake mwenyewe. Waliochimba Tasi walihesabu kina kuanzia juu ya mtambo, pale kwenye meza ambapo mabomba huingilia, na meza hiyo ilikuwa mita ishirini na sita juu ya maji. Visima vya Changu na Kibua vilikuwa vimehesabiwa kuanzia usawa wa bahari. Katika rasimu yake ya kwanza alikuwa amezichukua namba zote kana kwamba zilianzia mahali pamoja, kwa hiyo mwisho wa gesi ya Tasi ulionekana chini zaidi ya ulipo. Na kwa kuwa Tasi ni bapa kama sahani, mita hizo chache zilitosha kuifanya gesi yake ionekane mara mbili.

Alasiri hiyohiyo, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu mwaka jana, alimwandikia Novatus barua pepe kueleza kosa na namba sahihi. Nakala alimpelekea Flora, waliyekuwa wakikaa meza moja. Novatus hakujibu. Mwezi uliofuata ripoti ilitoka na namba ya zamani, na kwenye jalada kulikuwa na jina moja tu, la Novatus. Felisita alipokwenda kuuliza, aliambiwa asubiri. Baada ya wiki aliitwa akaambiwa ametoa taarifa za kampuni kwa watu wa nje na mkataba wake umekwisha. Hakuonyeshwa ushahidi wala kupewa nafasi ya kujitetea.

Hilo angelimeza. Lakini mwezi wa nane Novatus alikuja kumzika shangazi yake, na watu walipomuuliza msibani kwa nini binti wa Mboje amerudi nyumbani, alitikisa kichwa akasema, "Watoto wetu tunawashika mkono, wanageuka wanatuibia."

Mboje alikuwa mpimaji wa pamba kwenye ghala la kijiji kwa miaka kumi na tisa. Baada ya msiba ule, watu walianza kuomba mafurushi yao yapimwe mara mbili. Alivumilia wiki tatu, kisha akarudisha ufunguo wa ghala mwenyewe, bila kusubiri kuombwa. Wazee nao walikaa dagashida, ule mkutano wa jadi wa kijiji, wakaamua kwamba nyumba yenye mwizi isisaidiwe kazi mpaka neno lake lisafishwe. Felisita akapata kibarua cha kufundisha fizikia sekondari Bariadi mjini, siku tatu kwa wiki, na siku nyingine alifanya kazi ya shamba na wazazi wake.

"Feli," alisema Novatus, sasa akiwa amesimama mbele yake. "Naomba tuzungumze. Dakika kumi tu."

"Zungumza. Mikono yangu haihitaji masikio."

Novatus aliwatazama wazazi, akaona hawana nia ya kusogea, akaanza. Kamati inayopitia tathmini ilikuwa imemwandikia. Walitaka kujua kwa nini Tasi inaonyeshwa kuwa na gesi mara mbili ya ile inayolingana na presha iliyopimwa kisimani. Alikuwa na siku tisa. Alhamisi ya wiki ijayo angesimama mbele yao na kujibu.

"Wewe ndiye uliyeijua Tasi," alisema. "Mimi nimezisoma zile hesabu nimechoka. Sioni kasoro."

Felisita aliacha kuchuma. Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Barua pepe zangu, mjomba, ulikuwa unazisoma?"

"Zilikuwa nyingi mno, Feli. Ulikuwa unaniandikia kila siku."

Hakuwa ameisoma ile ya Tasi. Alikuwa ameiba kazi yenye kosa, na dawa ya kosa akaiacha kwenye sanduku lake la barua bila kuifungua. Felisita alikaribia kucheka. Kwa zaidi ya mwaka, shambani na njiani kwenda shuleni, alikuwa akimtungia mtu huyu adhabu. Alimwona akifukuzwa kazi. Alimwona akichekwa na wafanyakazi wenzake. Siku moja yenye jua kali alimwona hata akiomba maji mlangoni kwao na kunyimwa. Hakuwahi kuota kwamba angemjia mwenyewe na kumkabidhi kisu huku mpini ukiwa upande wake.

"Kipimo cha presha kilikuwa kibovu," alisema.

Novatus alitoa daftari haraka. "Kibovu vipi?"

"Visima vya miaka ile vipimo vyao viliharibika mara kwa mara kwa joto kali la chini ya ardhi. Kilichoteremshwa Tasi kilisoma chini ya presha halisi. Ukiiacha presha ukafuata ramani, namba yako inasimama. Waambie hivyo tu."

Alimwelezea kwa utulivu, kama anavyowaelezea wanafunzi wake, na Novatus aliandika kila neno. Ulikuwa uongo mzuri. Katika boksi lilelile la karatasi kuukuu kulikuwa na cheti kinachoonyesha kwamba kipimo kile kilijaribiwa kabla ya kuteremshwa na baada ya kupandishwa, na mara zote mbili kilikuwa kizima. Kamati walikuwa na nakala yake. Mtu wa kwanza kufungua jalada angemmaliza Novatus pale pale aliposimama.

Felisita alijua pia kwamba Novatus hangeanguka peke yake. Kamati ikimkamata mtu kwa uongo katika hifadhi moja, haimwamini katika zote tatu. Changu na Kibua, alizozihesabu vizuri mpaka namba ya mwisho, zingetupwa pamoja na Tasi. Kazi yake yote ingerudi chini ya bahari. Alilipima hilo moyoni, akaona ni sawa. Na izame.

Lakini jibu la bure lingemtia Novatus wasiwasi. Kwa hiyo akaongeza, "Na mimi nataka kitu. Ulilolisema msibani, ulirudie kulifuta. Mbele ya watu walewale."

Alisema hivyo ili tu Novatus asishtuke. Alikuwa na hakika kwamba akishaingia garini hataonekana tena.

Novatus alifunga daftari, akatazama pamba iliyodondoka chini, akamtazama Mboje aliyekuwa amewapa mgongo. "Jumamosi," alisema. "Nitakuja na dume la ng'ombe."

*

Jumamosi alikuja. Dume lilikuwa jekundu, nene, na alilileta asubuhi kwa miguu kutoka kwa binamu yake, akiliswaga mwenyewe kwa fimbo huku suruali yake ya kitambaa imejaa vumbi hadi magotini. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa ghala la pamba. Mtendaji wa kijiji, ambaye hakutakiwa kujua mambo ya dagashida, alikuwa amepata dharura Bariadi mjini tangu jana yake.

Aliyeongoza alikuwa Mayige, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye watu walisema huwa hawahi mkutano wowote isipokuwa ule wenye nyama.

"Haya, sema," alimwambia Novatus. "Na useme Kisukuma. Kiswahili cha Dar kina pembe nyingi za kujificha."

Novatus alivua kofia. Alisema kwamba binti wa Mboje hakutoa taarifa yoyote kwa mtu yeyote. Alisema maneno hayo aliyatunga ofisini ili binti aondoke, na alipoulizwa msibani aliona aibu kusema kweli, akaurudia uongo. Kuhusu ile kazi ya baharini, alisema aliitumia bila kumtaja aliyeifanya.

"Hapo sijaelewa," Mayige alimkatiza. "Uliitumia au uliiba?"

"Niliitumia pasipo…"

"Novatus, ng'wanone, mwanangu. Jua linapanda na hilo dume linatutazama. Uliiba au hukuiba?"

"Niliiba."

Uwanja mzima uliguna. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele, akanyamazishwa. Mboje alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, akitazama mlango wa ghala ambao ufunguo wake haukuwa tena mfukoni mwake. Felisita alimtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alihisi hofu. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Alikuwa ameitega mitego yote kwa ajili ya mwongo, na aliyesimama pale alikuwa anasema kweli.

Dume likachinjwa. Kwa desturi ya hapa kwetu, mkosaji akishakiri kwa kinywa chake, aliyekosewa huanza kula. Hupewa ini, lililochomwa upande na kubaki na damu upande, na mpaka alimeze hakuna mwingine anayegusa nyama. Akila, ugomvi umekwisha. Hawezi kuudai tena kwa neno wala kwa tendo, na ikijulikana kwamba alikula huku ameficha ubaya, yeye ndiye anayetengwa, na kutengwa huko hakuna dume la kukumaliza.

Ini lililetwa kwenye sinia. Mayige alilipokea na kumsogezea Felisita. Watu zaidi ya mia walikuwa wakimtazama, wote wana njaa.

"Kula, mayu," alisema Mayige, akimwita mama kwa upole. "Tumalize."

Felisita alilitazama lile ini. Uongo wake ulikuwa ndani ya daftari, na daftari lilikuwa kwenye mfuko wa shati la Novatus, hatua nne kutoka alipokaa. Angeweza kula. Hakuna mtu pale aliyejua habari za vipimo vya presha. Alhamisi mambo yangetokea Dar, mbali, na kijijini ingesemwa tu kwamba Novatus ameshindwa kazi. Alinyoosha mkono. Akaona mama yake akimtazama, macho makavu. Akaurudisha mkono.

"Sili," alisema.

"Husikii njaa?"

"Nikila nyama hii, mwizi nitakuwa mimi." Alisimama, akamgeukia Novatus. "Lile jibu nililokupa Jumanne ni la uongo. Kipimo kilikuwa kizima. Ungelisema mbele ya kamati, wangekuvua nguo."

Kelele zilizuka pande zote. Wengine walicheka, wengine walilaani. Novatus aligusa mfuko wa shati lake kama mtu aliyeambiwa ana nge kifuani.

"Nyamazeni!" Mayige alifoka. "Mimi sielewi bahari. Ziwa lenyewe nimeliona mara mbili. Binti, tueleze taratibu. Ulimtega?"

"Nilimtega."

"Na jibu la kweli unalo?"

"Analo yeye. Mwaka mzima analo." Felisita alivuta pumzi. "Mtu akipima kina cha kisima kwa kamba akiwa amesimama chini, anapata namba moja. Akipanda juu ya paa la nyumba akapimia huko, kamba inakuwa ndefu, lakini kisima ni kilekile. Waliopima Tasi walikuwa juu ya paa. Mita ishirini na sita. Nilikosea, nikagundua, nikamwandikia."

"Mita ishirini na sita ni kama wapi?"

"Kama hapa hadi kwa yule punda."

Mayige alimtazama punda kwa muda. "Yaani umbali huo ndio mlioharibiana nao maisha?"

Watu walicheka, lakini Novatus hakucheka. Alikuwa ametoa simu. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, akaenda akaegemea ukuta wa ghala, akaiinua juu, akaishusha, akapekua na kupekua, na hakuna aliyemharakisha ingawa makaa yalikuwa yanapoa. Alipoipata, midomo yake ilicheza bila sauti.

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu," alisema hatimaye. "Bado imekolea wino. Haijafunguliwa."

"Flora ana nakala yake," Felisita alimwambia. "Na Alhamisi Flora atakuwemo kwenye kikao cha kamati. Ukisema uliligundua mwenyewe, atakutazama tu. Ukitaka kutumia jibu hilo, ni lazima uisome barua yote, na tarehe yake. Ukitaka kusema la kipimo kibovu, sema. Mimi nimeshatoa mkono wangu."

"Umenimaliza, Feli. Kwa vyovyote vile."

"Ndiyo," alijibu Felisita. "Safari hii kwa ukweli."

Mayige alikuna kidevu. Alisema kwamba binti ametega, lakini ametegua kabla ya kula, kwa hiyo hatozwi. Kisha akalisogeza tena sinia. "Sasa uongo umetoka. Kula."

"Uongo umetoka. Hasira bado ninayo."

"Mpaka lini, jamani?"

"Alinivunjia jina mahali pawili. Hapa alimvunja baba, na hapa amelirudisha. Kule alinivunja mimi. Akilirudisha kule, nitakula."

Minong'ono ilianza upya, na sasa ilikuwa ya watu wanaosikia harufu ya nyama. Ndipo Mboje aliponyanyuka kwenye kigoda chake. Alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akinawa kabla ya kushika mizani. Alichukua lile ini, akalikata, akatafuna. Watu wote walitafuna naye kwa macho. Alimeza.

"Halina chumvi," alisema.

Kicheko kilipasuka uwanja mzima, na watu wakakimbilia nyama. Milembe alipokea kipande cha binti yake na chake, akavifunga kwenye gazeti, akavitia kwenye kapu. Novatus hakukaa kula. Aliondoka kwa miguu kama alivyokuja, bila dume.

*

Jumatatu alfajiri, kabla umande haujakauka, walikuja watu arobaini shambani. Hakuna aliyeomba radhi. Walijifunga mashuka viunoni, wakaingia kwenye mistari, wakaanza kuimba. Milembe aliwapokea kwa uji na masimango.

"Generoza, nyoosha mgongo nikuone vizuri, nimekusahau sura! Na wewe Method, bado unaogopa tutakuibia hilo jembe lako bovu?"

"Tuchape tu, Mama Feli," alijibu Method. "Lakini uji ongeza."

Kufikia Jumatano eka zote tano zilikuwa zimekwisha, na kamati ya ghala ilikuwa imemletea Mboje ufunguo wake. Felisita alifundisha, akasahihisha madaftari, na usingizi haukumjia vizuri. Alijiuliza Novatus atasema lipi. Aligundua kwamba sehemu ya moyo wake ilitamani aseme la uongo, aanguke kabisa, hata kama Changu na Kibua zingezama naye. Hakuipenda sehemu hiyo, lakini hakuifukuza.

Alhamisi mchana, akiwa nyumbani uani, simu iliita. Ilikuwa Flora.

"Shoga, ungekuwepo! Kasimama, kaisoma yote. Na tarehe. Na jina lako, herufi kwa herufi."

"Yote?"

"Yote! Mwenyekiti akamuuliza, barua hii uliipata lini? Akasema, niliipata mwaka jana, nimeisoma Jumamosi. Ofisi imemsimamisha kazi kabla ya chakula cha mchana."

"Mikono yake ilikuwaje?"

"Mikono?"

"Alipokuwa anasoma."

"Ilikuwa inatetemeka, mpenzi. Karatasi inalia kama jani kavu."

"Hebu rudia."

Flora alirudia, akacheka, akarudia tena. Felisita alisikiliza akiwa amefumba macho, na kila mara utamu ulikuwa uleule. Kisha Flora akamwambia kwamba Tasi imebaki nusu, lakini nusu yake bado inatosha kwa bomba fupi la kwenda Nguru, na hifadhi zote tatu zimepita kwenda hatua ya pili. Kamati inaomba namba yake ya simu. Wanataka jina la aliyefanya kazi liwe kwenye jalada.

Felisita alikata simu. Alijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani na shingo bado haijaamini. Akamwita mama yake, aliyekuwa akipepeta mtama, na baba yake akatoka ndani kusikiliza. Aliwaeleza yote, mpaka karatasi iliyolia kama jani kavu.

"Basi limekwisha," alisema Mboje.

"Limekwisha," Felisita alikubali. "Mama, kile kipande changu cha nyama umekianika wapi? Nataka kukila."

"Kipande kipi?"

"Cha Jumamosi. Ulikifunga kwenye gazeti."

Milembe aliendelea kupepeta. "Nilimpa mbwa. Tukiwa bado njiani."

Mboje alishika kiuno. "Mama Feli! Nyama ya kumaliza ugomvi unampa mbwa?"

"Na changu pia alikula yeye. Alishiba, akalala." Milembe alitua ungo, akawatazama wote wawili. "Nyinyi mmemaliza yenu. Mwenzangu kala ini mbele ya watu, karudishiwa ufunguo. Mtoto kasomewa jina lake Dar. Mimi niliyefungiwa mlango na mashoga zangu msimu mzima, niliyekuwa napita kisimani wanawake wananyamaza, kuna mtu aliyesimama akanitaja?"

Mboje alishusha mikono kutoka kiunoni.

"Mkiongea naye," alisema Milembe, akiuinua tena ungo wake, "mwambieni alete dume lingine."